Akina Danieli wawili kwenye posa moja

Leo nusura posa yangu ivunjike kwa sababu ya jina.

Washenga wa mchumba wangu wamefika kwetu Kibakwe, wakajitambulisha: ukoo wa Danieli.

Sisi nasi ni akina Danieli!

Baba akasema ukoo mmoja hauoani. Shangazi akaanza kurudisha wali jikoni. Jamani, wali!

Bibi akacheka. “Hao si damu yetu. Zama za Mjerumani, njaa ilipobana, mwalimu wa dini aliyeitwa Danieli aliwagawia wanafunzi wake mtama wake wote. Siku ya ubatizo, kila mwanamume akataka jina la mwalimu huyo.”

“Na watoto wake, Mama?” Baba akauliza.

“Hakujaliwa mtoto.”

Wali ukarudi. Posa imepokelewa.

Akina Danieli mliomo humu, nyoosheni mikono. Mwalimu Danieli ana watoto wangapi sasa?