Maswali ya Daktari wa Vichwa

Tulipokuwa tunakimbia vita toka Nyamitaba, binti yangu wa miaka sita alianguka toka juu ya kamioni, akagonga kichwa. Hospitalini Walikale tulipokelewa na daktari mtafiti, muntu aliyemaliza ujana wake akisoma ubongo wa watu walioumia. Alimumulika macho kwa tochi, kisha akamuuliza:

"Kwenu ni wapi?"

"Sijui."

"Papa yako anaitwa nani?"

"Sijui."

Daktari akaandika. "Mama, ubongo umeguswa. Hajui hata kwao. Lazima aende Goma leo."

Goma! Kurudi njia ile ile tuliyoiponea! Nikawaka.

"Anajua vizuri! Mimi njo nilimufundisha aseme hivyo. Kwenye kila barieri ya watu wa bunduki, mutoto akitaja kwao, wanamushusha na mama yake. Umesoma ubongo miaka yote hiyo, na hilo hulijui?"

Akaniomba basi nimwambie mutoto ajibu.

"Jibu, mama yangu. Huyu ni daktari tu."

Binti akalitazama lile koti jeupe. "Mama, yeye iko wa upande gani?"

Wagonjwa wote wakatugeukia. Nikatazama vitanda vilivyojaa watu nisiowajua, na mimi mwenyewe nikashindwa kutaja kwetu.

"Muulize hesabu," nikamwambia daktari.

"Mbili na tatu?"

"Tano. Wewe hujui?"

Akamuuliza nyingine nne, zote akazipata. Daktari akafuta neno Goma kwenye karatasi yake, akaenda kitanda kingine. Hata pole hakuniambia.