Kuku wa Tsuruyo na Meno ya Watu

Siku Daktari Onozuka alipoleta sindano, Katsuji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda, akacheka mpaka akakohoa.

"Daktari, hebu mpanue huyo mdomo unionyeshe jino linalouma!"

Mkewe Tsuruyo, aliyekuwa amembana kuku kwapani, hakucheka. Walikuwa wamefuga kuku katika milima ya Gifu, Japani, tangu waoane, wakiwachanja mafua na mdondo. Lakini kumchanja kuku dhidi ya kuoza meno?

Onozuka, aliyetumwa na kampuni moja ya vyakula, alieleza taratibu. Ndani ya sindano mna vijidudu vilivyouawa, vile vinavyotoboa meno ya watu. Mwili wa kuku huvichukia, hutengeneza kinga, na kinga huingia katika kiini cha yai. Mtu akila kiini hicho kibichi, vijidudu vya kinywani mwake hushindwa kunata kwenye meno.

"Kwa hiyo kuku anaugua kwa ajili yetu?" aliuliza Tsuruyo.

"Haugui, mama."

"Sasa anajikinga na nini?"

"Na kitu ambacho hakiwezi kumpata."

Tsuruyo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Alikuwa na sababu ya kutaka kuelewa. Minori, mke wa mwanawe Shunpei, alikuwa amemkataza kumlisha mjukuu wake Kanata kwa vijiti vyake vya kulia. Alimkataza kwa heshima zote: mtoto huzaliwa hana vijidudu hivyo, huvipata kwa wakubwa wanaoonja chakula chake na kula naye kijiko kimoja. "Si wewe tu, mama. Hata mimi mwenyewe sithubutu." Lakini Tsuruyo alimlea Shunpei kwa kumtafunia, kama alivyotafuniwa yeye. Na Shunpei akicheka, magego yake yote yanameta madini ya daktari wa meno. Tangu siku ile, kila mwanawe alipocheka, Tsuruyo aliangalia pembeni.

Mayai yenye ufa kampuni haikuyataka. Akaanza kuyala yeye kila asubuhi, mabichi, juu ya wali. Kisha akakumbuka kwamba Onozuka alisema moto huua kinga. Je, wali wa moto ni moto? Akaanza kuupoza.

"Mama Shunpei," Katsuji alinung'unika, "siku hizi tunakula wali baridi wa kutambikia marehemu?"

Tsuruyo akampigia Onozuka simu. "Daktari, mdomo wangu sasa ni safi?"

"Vijidudu hupungua, mama, havimaliziki. Ukiacha kula mayai, vinarudi. Na bado tunachunguza."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo, kwa kiasi."

Jumapili Shunpei, Minori na Kanata wakafika. Tsuruyo alisubiri boga lililochemshwa litengwe mezani, akashika kipande kwa vijiti vyake.

"Minori, mwanangu, mdomo wangu umechanjwa."

Minori akaweka kikombe chini. "Umechanjwa, mama?"

"Waliochanjwa ni kuku. Mimi nimekula mayai."

"Mama, mbona unatuchanganya?" alisema Shunpei.

"Kuku hawana meno, mama yako kabakiza machache," alidakia Katsuji, "na wote wamekingwa. Anayeoza ni mimi tu."

Minori hakucheka. "Daktari alisema vimekwisha?"

Tsuruyo angeweza kudanganya. "Alisema kwa kiasi."

"Kiasi gani?"

"Hakusema."

"Basi tusubiri kidogo, mama. Samahani sana." Minori aliinamisha kichwa. Boga likabaki hewani kwenye vijiti. Tsuruyo hakujua alile au alirudishe.

Wakati bado anawaza, Kanata, aliyeketi kando yake, alitoa mdomoni boga alilokuwa akitafuna, limelowa na kupondeka, akamsukumia bibi yake katikati ya midomo. Likaingia.

Wote wakamgeukia Minori. Alikuwa na sheria ya kila kijiko kinachotoka kwa mkubwa kwenda kwa mtoto. Ya kurudi hakuwahi kuifikiria.

"Hiyo... hiyo nadhani haina shida," alisema, akamtazama mumewe kana kwamba yeye ndiye anayejua. Shunpei akamtazama baba yake.

"Nimeze?" aliuliza Tsuruyo, mdomo umejaa.

Kanata alikuwa ameshaanza kutafuna kipande kingine.