Mbwa Aliyelelewa kwa Chisense

Nilimchukua kwa sababu nilikuwa naogopa, na tangu siku hiyo nimeogopa zaidi.

Mtu alikuwa amevunja kufuli langu mchana kweupe, nilipokuwa sokoni hapa Kashikishi, mji wetu wa kando ya ziwa. Hakuchukua kingi, lakini baada ya hapo niliandika nikiwa nimeuelekea mlango, na kila upepo wa ziwa ulipotikisa bati, kalamu ilisimama. Kwa hiyo niliposikia kwamba mwalimu mmoja mstaafu, kwenye barabara ya Chienge, analea mbwa aliyeokolewa na anamtafutia nyumba, nilikwenda kabla sijapata muda wa kufikiri.

Mkandarasi fulani alikuwa amemfunga kwenye kambi ya ujenzi. Kazi ilipoisha akaondoka, akamwacha na mnyororo wake. Alikuwa wa ukoo wa wale mbwa wa Afrika Kusini wanaolinda ng'ombe. Umri wake miezi kumi tu, lakini kichwa kama sufuria ya kupikia msibani. Alinijia, akaniegemea pajani kwa uzito wake wote. Sikuvuta pumzi.

Bamayo, ndivyo nilivyomwita yule mwalimu, kwa Kibemba, kama ambavyo ningemwita mama yangu, alinieleza jinsi alivyompokea akiwa mbavu tupu. Alimponya kwa chisense, vile vidagaa vya ziwa letu, kwa sababu ndicho chakula alichokuwa nacho. Mwanzoni mbwa alimeza kwa pupa mpaka akatapika. Basi akabuni njia: kila asubuhi alimtandazia samaki juu ya gunia, wakiwa wametawanyika, akamfundisha alale chini kwanza, kisha ale mmoja mmoja.

Nilimsifu Bamayo kwa werevu wake. Nilikuwa nimefika kona ya mwisho ya kwetu, kamba mkononi, harufu ya samaki ikinipiga puani, ndipo nikaelewa. Nyumba yangu inatazamana na uwanja wa kuanikia. Kila asubuhi wanawake hutandaza chisense pale chini, juu ya nyavu kuukuu, kutoka mlangoni kwangu hadi majini.

Wavu wa kwanza ni wa mama mmoja kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, anayevusha samaki kwenda kwao Kongo. Alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi.

"Benzako banaolewa," alisema, "weye unaleta ng'ombe bila pembe."

Wenzake walicheka, nami nikacheka nao. Yeye aliacha kwanza.

"Sikiya, mutoto yangu. Akikula samaki yangu hata siku moya, miye sina palabre, sina maneno mingi na weye. Nitamutilia dawa."

Alisema kwa sauti ya chini, bila chuki. Msimu uliopita mbwa wawili walikutwa wamekufa kando ya nyavu zile, na hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza.

Nilimfungia ndani siku nne. Alipopiga miayo niliona meno yote, nikajibana ukutani. Alipolala niliviweka vidole karibu na pua yake kuhakikisha anapumua. Nilimwogopa na kumwogopea kwa wakati mmoja, katika chumba kimoja. Nilimpigia Bamayo simu. Alikuwa anahamia Mansa kwa binti yake, na hakuna mwingine aliyekubali kumlea mnyama mkubwa hivyo. Aliniambia kwa upole kwamba mbwa sasa alikuwa na mimi tu.

Siku ya tano nilifungua mlango kumwaga maji machafu. Mbwa alipita kando yangu kama mtu anayeitwa mezani. Niliidaka kamba, nikaburutwa mchangani. Alipofika kwenye wavu wa mama wa Pweto alisimama, akalala chini, akapanga miguu yake ya mbele vizuri, akaanza kula. Polepole. Mmoja mmoja. Kilichonitisha zaidi ni adabu yake.

Yule mama alikuja na ufagio wa vijiti wa kugeuzia samaki, ameuinua juu. Hatua tatu kabla ya kufika, akasimama. Nikaona anarudi nyuma nusu hatua, macho kwenye meno ya mbwa, na nikajua kwamba anayeogopa hivyo hasahau.

Nilipiga magoti, nikaingiza mkono kinywani mwa mbwa.

Mlikuwa na joto. Meno yaligusa mfupa wa kifundo cha mkono wangu, nami nikangoja yanibane. Alinitazama kwa macho yale ya njano, bila kuelewa kosa lake, kisha akapanua taya zaidi. Nikachota. Samaki, mchanga, mate. Nikavirundika juu ya kitenge changu, nikarudisha mkono tena, na tena. 

Ufagio ulishuka kidogo.

"Toa na zile za chini ya ulimi," alisema yule mama.

Nikazitoa.

Hakusema amesamehe. Aligeuka, akaendelea kuanika, na tangu siku hiyo hajataja dawa tena mbele yangu. Mbwa sasa anakula maharage na mifupa kwenye beseni lenye jiwe katikati, ili asimeze kwa pupa. Mlango siuangalii tena ninapoandika. Lakini kila asubuhi, kabla hajaamka, nazunguka nyumba nikiwa nimeinama, nikiokota kila chisense aliyelala mchangani, awe ameangushwa na kunguru au amewekwa na mkono wa mtu.