Kopo la pini lililokuwa likila umeme

Saa mbili kasoro asubuhi, karakana bado inanuka vanishi ya jana, na mwanamke mmoja tayari ameinamia kibao chake akizungusha waya wa shaba. Kila mzunguko unalala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Wenzake wamembandika jina la Shangazi Koili, nalo limemkaa barabara.

"Ukinichanganya hesabu, utazungusha wewe," anasema, kisha anacheka.

Koili hizo, yaani mizunguko hiyo ya waya wa shaba, ni za kuchaji viti vya magurudumu bila kuchomeka waya. Moja hukaa ndani ya bamba la sakafuni, nyingine chini ya kiti. Mtu anaegesha kiti juu ya bamba kando ya kitanda, analala zake, na umeme unavuka wenyewe kutoka koili hadi koili. Kusimulia ni rahisi. Tatizo ni kwamba umeme mwingi hupotea njiani ukageuka joto, na bamba likipata joto kupita kiasi hujizima.

Shangazi Koili anayajua hayo kwa uchungu, maana kiti cha kwanza kujaribiwa ni cha kaka yake, fundi cherehani. Ajali ilimkaza mgongo, hawezi kujipinda afikie tundu la chaja lililo nyuma ya kiti. Kwa miaka tisa, kila jioni, dada mtu ndiye aliyekwenda kumchomekea. Dada akiugua, kesho yake kaka haendi kazini.

"Hakuwahi kunilaumu," anasema. "Alikuwa ananitania tu, 'Mdogo wangu, mimi nimekuwa simu yako ya pili.'"

Bamba likaja, furaha ikaja, halafu ikaingia mchanga. Asubuhi betri ilikuwa nusu. Siku moja kiti kilizima katikati ya mlima wa kwenda dukani kwake, wapita njia wakamsukuma kama mkokoteni. Kwa mtu anayejiheshimu kama yule, ilimuuma sana. Akamwambia dada yake arudishe waya.

Dada akaomba muda kidogo. Yeye na mhandisi wa karakana wakaifumua koili, wakaisuka upya kwa nyuzi nyingi nyembamba badala ya waya mmoja mnene. Kwenye meza yao, katika kila uniti kumi zilizotoka ukutani, karibu tisa zilifika kwenye betri. Nyumbani kwa kaka zilifika sita.

"Tulibadilisha mpaka soketi," anakumbuka mhandisi. "Nikaanza kuhisi ile nyumba ina mashetani."

Asubuhi moja Shangazi Koili alikuwa akipima tena, kaka akamwomba amtolee mkasi chini ya kiti. Humo huweka kopo la bati lililojaa pini, sindano na mkasi wake mkubwa wa chuma. Dada akalishika, akaliachia upesi. Lilikuwa la moto.

"Hili huwa hivi kila siku?"

"Kila asubuhi," kaka akajibu, ametulia tuli. "Nilidhani mmenifanyia hisani. Mkasi ukiwa na joto, vidole havigandi."

Dada alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe chuma kile kilikaa juu kabisa ya koili kikinyonya umeme usiku kucha, na karakana ilikuwa imejaribu kiti kikiwa kitupu.

"Tulipima kiti, tukamsahau mwenye kiti," anasema mhandisi.

Kopo likahamia kwenye mfuko wa kitambaa begani mwa kiti, alioushona kaka mwenyewe. Juu ya koili vikabandikwa vigae vyeusi vya feraiti, vinavyozuia nguvu ya sumaku isitangetange kwenye vyuma vya kiti. Kesho yake betri iliamka imejaa, na kaka akaupanda mlima ule akipiga mluzi.

"Jioni ya kwanza nisiyokwenda kwake, mikono iliniwasha," anasema Shangazi Koili. "Sikujua jioni nzima mtu anaifanyia nini."

Sasa kila anayeleta kiti karakana anaambiwa aje na vitu vyake vyote, hadi mwavuli. Viti sita vinangoja foleni, na mwanamke huyu anataka kila mwenye kiti arudi nyumbani bila kumtegemea mtu wa kuchomeka. Kuhusu kaka yake ana ombi moja zaidi.

"Bado ananiaga kila akitoka, mazoea hayo. Nataka siku moja nimpigie, nimuulize yuko wapi, aniambie hayanihusu. Siku hiyo karakana nzima soda juu yangu."