Nusu ya Sampuli

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mchimbaji wa dhahabu Rwamgasa, na wachimbaji hawampi mtu sampuli nzima. Ukipata jiwe lenye dalili unalipasua: nusu unampelekea wa kutwanga na kuosha kwenye karai, nusu unaificha. Vinginevyo atakwambia humu hamna kitu, na kesho unamkuta yeye ndiye anachimba kwenye duara lako, shimo ulilolihangaikia mwenyewe. Wameibiwa wengi hivyo.

Basi akaanza kuharisha miezi na miezi, huku uso ukimpanda joto la ghafla. Hospitali ya huko huko Geita wakakuta uvimbe kwenye utumbo. Wakamkata kipande kidogo, wakakitia kwenye kichupa chenye dawa, wakamwambia akipeleke Mwanza kupimwa.

Nilimkuta Mwanza siku ya majibu, nimetoka Shinyanga. Daktari alikuwa binti mdogo; alinipa shikamoo kwanza, halafu akatueleza taratibu. Uvimbe huu unatokana na chembe zinazotengeneza homoni. Kuna watu wanakaa nao miaka na miaka, na kuna ambao unawamaliza upesi, na kwenye darubini wakati mwingine aina hizo mbili hazitofautiki. Lakini kwenye vinasaba vya uvimbe wenyewe kuna alama zinazoweza kuonyesha kama ni wa mbio.

"Ukiwa wa mbio tunaanza dawa kali sasa hivi," alisema. "Hatutaki kuzitoa kwa kubahatisha. Shida ni kwamba kipande kilikuja kidogo mno, chote kimeishia kwenye kipimo cha kwanza."

Mdogo wangu akacheka. Jamani, alicheka kwa furaha kabisa! "Usihofu, daktari. Nusu ninayo."

"Unayo wapi?"

"Geto, kwenye kopo ninamofichia mawe. Nilikigawa kwa wembe, nikakifunga kwenye nailoni. Kikavu, hakina hata tone la maji."

Binti wa watu aliweka kalamu mezani. Mimi nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia mdogo wangu, una wazimu wewe, hiyo ni nyama, siyo jiwe! Watu kwenye foleni wakachungulia mlangoni. Yeye alinitazama tu, hajaelewa bado.

"Kimeshaharibika, kaka," daktari akasema. "Na kukukata tena sasa hatuwezi, damu yako imeshuka mno. Tusubiri ipande."

Haikupanda. Nilimchukua nikampeleka kwa mama, kijijini, tukampikia maini na mlenda, tukamsagia majani ya kila aina. Mama alisali, mimi niligombana na kila mtu. Tumbo likavimba, macho yakageuka njano, na tukajua wenyewe kwamba ulikuwa wa mbio, bila kipimo cha mtu. Nilimchukia kwa ujinga ule, na nilikuwa nampenda kuliko wote niliozaliwa nao.

Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji. Akausukuma mkono wangu.

"Dada."

"Ee."

"Pale hospitali, hivi kuna mtu alitaka kuniibia?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka.

"Hakuna," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akageukia ukutani. Uji ule hakuumaliza, na mwingine hakuomba.