Nilichokiona Kwenye Ncha ya Mzizi

Mama alijikata kwa shoka akichanja kuni za kukaushia tumbaku kule Goweko. Shoka liliteleza likampata kwenye muundi. Zahanati walimshona, kisha kaka yangu akampandisha treni aje kwangu mjini, Gongoni, maana alijua akibaki nyumbani atarudi kwenye kuni kesho yake.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Wiki ile nilikuwa najiandaa kufundisha kidato cha nne mgawanyiko wa seli, na dirishani jikoni niliweka vikombe vitatu vya maji, juu ya kila kimoja kitunguu, kitako kikigusa maji. Mama alivitazama siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Mwanangu, hivi vitunguu vina kosa gani?"

"Nangoja mizizi, mayo," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Kwenye ncha ya mzizi seli zinajigawa. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Ndivyo mzizi unavyorefuka."

"Umeliona hilo kwa macho yako?"

Nilikuwa nimefundisha somo hilo miaka kumi na moja kwa michoro ya ubaoni. Chuoni tulipanga foleni watu arobaini kwenye hadubini moja, na zamu yangu ilipofika niliona kope zangu tu.

"Sijaliona," nikasema.

"Basi twende tukaone."

Jumamosi tulikwenda maabara ya shule, yeye na fimbo yake. Nilikata ncha za mizizi, nikazilainisha kwenye asidi ya uvuguvugu, nikaziosha, nikazitia rangi, nikaziweka kati ya vioo viwili vyembamba na kubonyeza kwa kidole gumba. Ya kwanza ilibaki bonge. Ya pili ilijaa mapovu ya hewa. Ya tatu nilivunja kioo.

"Unabonyeza kama unaua chawa," mama akasema. "Lete."

Mikono yake imehamisha miche ya tumbaku maisha yake yote bila kuvunja shina. Alikandamiza polepole, akainua kidole, akakandamiza tena. Nikaweka kioo kwenye hadubini na kuinama.

Seli zilikuwa zimepangana kama matofali. Nyingi zilikuwa na kiini cha mviringo, kimetulia. Lakini katika moja kiini hakikuwepo tena. Kulikuwa na nyuzi fupi nyeusi, mafungu mawili, kila fungu likielekea upande wake. Asidi ilikuwa imeziua seli zikiwa katikati ya kazi. Pembeni kulikuwa na nyingine iliyokwisha kuwekewa ukuta katikati.

"Vipi?" mama akauliza. Nikampisha. Alifumba jicho lisilo lenyewe, akafumba jingine, kisha akatazama.

"Naziona nyuzi. Zinaachana," akasema. "Na mguuni kwangu ni hivi hivi?"

"Hivi hivi. Seli za kingo za jeraha zinajigawa mpaka zikutane."

"Zikikutana, zinajuaje kuacha?"

Nikamweleza kwamba seli hupeana ishara, na zikiguswa na jirani zao hutulia. Zisipotii zikaendelea kujigawa, ndiyo saratani.

Mama akakaa kwenye kiti. "Kumbe ndicho kilichompata mama yako mdogo," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nilidhani kuna kitu kiliingia mwilini mwake kutoka nje."

"Hapana, mayo. Zilikuwa seli zake mwenyewe."

Akatikisa kichwa, akainama kutazama tena.

Jumatatu niliwaambia wanafunzi ukweli wote, pamoja na hiyo miaka kumi na moja. Hakuna aliyecheka. Walipanga foleni, na safari hii kila mmoja aliona.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama kutolewa nyuzi. Muuguzi akasifu jeraha lilivyofunga vizuri, akasema dawa zimefanya kazi. Mama akamwambia, "Dawa zimesaidia, binti, lakini kaa nikueleze." Akamweleza yote, kuanzia kitunguu, na wagonjwa wenzake kwenye benchi wakasogea kusikiliza.