Waya ulikuwa miguuni kwa mama mkwe

Leo nimehangaika juani na gari bovu, na aliyejua ubovu wake alikuwa amekaa siti ya nyuma, kimya.

Mimi na mke wangu tulimchukua mama mkwe kijijini kwake Sapiwi tumpeleke Maswa kutibiwa macho. Njiani gari likazima. Nawasha, stata inazunguka, injini haishiki.

Mke wangu akapanda bodaboda kutafuta fundi.

Nikabaki na mama yake. Wasukuma wenzangu mnajua, mkwe hasemeshwi ovyo, wala yeye hakusemeshi. Yeye kajitanda khanga, kaangalia pembeni.

Nikasafisha vichwa vya betri. Nikabadilisha fyuzi. Nikapima plagi, moto upo. Jasho mpaka kwenye soksi.

Mke wangu akarudi bila fundi. Mama akamnong'oneza.

"Mayu anasema kuna waya umechomoka hapa miguuni kwake. Ameuona mara tu nilipoondoka."

Waya wa pampu ya petroli. Nikauchomeka, likawaka hapo hapo.

"Sasa kwa nini hakusema?"

"Angemwambia nani?"

Mliooa, nisaidieni mawazo. Kesho namrudisha Sapiwi, na mke wangu ana zamu kazini.

Tutakuwa wawili tu na hili gari.